Pesa Huisha, Orodha Hubaki

Jioni ya Ijumaa, tarehe 18 Septemba 2020, habari zilienea kwamba Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliyependwa na Wademokrati, amefariki dunia. Watu hawakungoja kupambazuke. Walishika simu wakatoa pesa. Ndani ya saa 28, ActBlue, mtandao ambao wagombea wa chama cha Democratic huutumia kupokelea michango, ulikuwa umeingiza zaidi ya dola milioni 91. Mkutano haukuitishwa, hotuba haikutolewa, kofia haikupitishwa. Zilikuwa dola 10 hapa, 25 pale, za watu waliojilaza na simu mkononi, wana huzuni, wana hasira, na wanatafuta lolote la kufanya kabla usingizi haujawachukua.

Haba na haba hujaza kibaba, tunasema. Sawa, kibaba kilijaa. Nani alikichukua?

Jibu la haraka ni kwamba pesa za msimu ule zilikwenda kwa wagombea, tena wagombea wa kweli, wenye majina na sura. Kule Kentucky, Amy McGrath alichangiwa zaidi ya dola milioni 90 ili amng'oe Mitch McConnell katika Seneti. Alishindwa kwa karibu pointi 20 za asilimia. South Carolina, Jaime Harrison alikusanya dola milioni 57 katika miezi mitatu tu, Julai hadi Septemba, kiasi ambacho hakuna mgombea wa Seneti aliyewahi kukifikia katika robo mwaka hadi wakati ule. Mpaka mwisho wa mbio alikuwa ameshapita milioni 130, na mpinzani wake, Lindsey Graham, alimwacha kwa pointi 10. Ila kisa kinachonikaa kichwani ni cha Maine. Huko Sara Gideon alichangiwa zaidi ya milioni 70 katika jimbo lenye watu milioni 1.3 na ushei, watoto wachanga wakiwemo. Alitangaza kwenye televisheni, akatangaza redioni, akatangaza mitandaoni hadi pa kutangazia pakaisha. Kura zikapigwa, Susan Collins akarudi kwenye kiti chake, na akaunti ya Gideon ikabaki na zaidi ya dola milioni 14 zilizokosa kazi.

Sisemi ziliibwa. Sheria ya Marekani inamkataza mgombea kuzila pesa za kampeni kama za mfukoni mwake. Zikibaki anaweza kuzipeleka kwenye chama, kwenye taasisi za hisani, kwa wagombea wenzake kwa viwango maalumu, au akaziweka akiba ya uchaguzi mwingine. Wezi wapo, na nitawafikia. Lakini wezi ni somo rahisi. Mimi nasumbuliwa na yule mchangiaji mwaminifu aliyempa mgombea mwaminifu kupitia njia halali, kisha pesa yake ikaenda kumnunulia mtu wa Maine tangazo la mara ya 40 lenye sura ileile na sauti ileile, wakati mgombea wa bunge la jimbo fulani, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia, alikuwa anahangaika kulipia vipeperushi.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kwa sababu mtu anapotoa dola 25 anatoa vitu viwili kwa mpigo, na yeye anakiona kimoja tu. Cha kwanza ni pesa. Cha pili ni jina lake, barua pepe yake, namba yake ya simu, na ushahidi kwamba yeye ni mtu anayetoa akiguswa. Pesa ile itaisha kabla ya uchaguzi, au siku chache baadaye. Jina litaishi miaka. Ukiifuata pesa peke yake utachoka njiani. Ifuate orodha, na mambo mengi ya biashara hii yataanza kueleweka.

Biashara yenyewe ni ya zamani kuliko intaneti. Mwaka 1964 Barry Goldwater aligombea urais kwa tiketi ya Republican, akagaragazwa vibaya na Lyndon Johnson. Baada ya vumbi kutulia, kijana mmoja aitwaye Richard Viguerie alikwenda katika ofisi ya karani wa Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Sheria ya wakati ule ilitaka majina ya waliochangia dola 50 na zaidi yawekwe pale, yeyote ayasome. Kuyasoma ruhusa. Basi Viguerie akakaa akayanakili kwa mkono, jina baada ya jina, anwani baada ya anwani, akisaidiwa na makarani wa kukodi, mpaka akawa na majina yapatayo 12,500. Kwa orodha ile alijenga kampuni ya kuchangisha kwa barua za posta iliyokuja kuwa uti wa mgongo wa siasa za kihafidhina kwa miongo miwili. Goldwater alishindwa. Orodha yake ilishinda, na ilishinda ikiwa mikononi mwa mtu ambaye waliochangia hawakumjua.

Leo sheria inakataza kuchota majina kutoka kwenye ripoti za Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho kwa ajili ya kuchangisha. Na hapa nawapenda Wamarekani kidogo, kwa sababu njia ya kumnasa mwizi ni ya kitoto na ni ya busara: kamati ya siasa inaruhusiwa kupachika majina bandia yasiyozidi 10 katika kila ripoti yake. Barua ya kuomba pesa ikimfikia mtu asiyekuwepo duniani, basi aliyeituma amejianika. Fikiria thamani ya orodha, kama serikali imekubali ripoti rasmi ziwe na watu hewa ili kuilinda.

Intaneti ilikuja kuongeza kasi. Kiangazi cha 2003, Dick Cheney, makamu wa rais wa Republican, alipokuwa akielekea kwenye chakula cha mchana cha kuchangisha huko South Carolina, sahani moja dola 2,000, kampeni ya Howard Dean, aliyekuwa akiwania urais upande wa Democratic, iliweka kwenye tovuti picha ya mgombea wao akiwa mbele ya kompyuta anakula sandwichi ya nyama ya bata mzinga, ikawaomba watu wamshinde Cheney. Zilipatikana zaidi ya dola laki tano, na ikawa kichekesho cha wiki. Dean hakupata hata uteuzi wa chama. Miaka minne baadaye Barack Obama alitumia mbinu zilezile akiwa na mashine kubwa zaidi, na alipoingia Ikulu kampeni yake ilikuwa na anwani za barua pepe zipatazo milioni 13. Mwaka 2016 Bernie Sanders, akiwania urais, aliigeuza dola 27, wastani wa mchango wake, kuwa wimbo. Akiuliza kwenye mikutano wastani ni kiasi gani, umati ulimjibu kwa sauti moja.

Nakumbusha haya kwa sababu mchango mdogo ulistahili sifa zote ulizopewa. Mgombea anayeishi kwa dola 27 za watu laki kadhaa hana tajiri mmoja wa kumpigia simu usiku. Uhuru huo ni wa kweli na sitaki kuudharau. Ila sifa zilipozidi, watu waliacha kuuliza maswali, na kila aliyekuja na neno “mchango mdogo” mdomoni akapokelewa kama mtetezi wa wanyonge.

Tuifuate basi hiyo dola 25. Mlangoni kuna makato. ActBlue, ambayo ni asasi isiyotafuta faida, hukata asilimia 3.95, yaani kama senti 99, na bado itakuuliza kama ungependa kuwaachia na wao bakshishi. WinRed, mtandao wa Republican ulioanzishwa 2019, ni kampuni ya kutafuta faida na makato yake yako palepale. Hayo ni madogo, na kazi wanayoifanya inaonekana. Zaidi ya hayo, mitandao hii ndiyo imeleta uwazi fulani. Mgombea halazimiki kumtaja mchangiaji mpaka amepita dola 200, lakini mitandao hii hupokea pesa kwa niaba ya wengine, kwa hiyo huripoti kila senti na kila jina. Mtu aliyetoa dola 3 kwa siri yake amewekwa kwenye kumbukumbu za serikali pamoja na kazi anayoifanya na jina la mwajiri wake. Wengi wao hawajui.

Baada ya mlango, sehemu kubwa ya pesa ya mgombea wa Seneti au urais huishia kwenye matangazo. Sheria inavitaka vituo vya televisheni na redio vimtoze mgombea bei yao ya chini kabisa katika siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu na siku 45 kabla ya uteuzi wa chama. Zile kamati za matajiri ziitwazo super PAC hazipewi punguzo hilo. Hulipa bei ya sokoni, na majimbo yenye ushindani yakishaanza kugombewa bei ya sokoni hupaa. Kwa hiyo dola ya mtu mdogo, ikiwa mkononi mwa mgombea mwenyewe, hununua muda mwingi wa hewani kuliko dola ya bilionea. Hilo ni jambo zuri ambalo halisemwi vya kutosha.

Kisichosemwa kabisa ni nani anayenunua huo muda. Kwa desturi ya biashara ile, mshauri anayeweka matangazo hulipwa kamisheni, na kiwango cha zamani kilikuwa asilimia 15 ya kilichotumika. Siku hizi kampeni kubwa hujadiliana hadi kikashuka, lakini mantiki ni ileile. Jiweke kwenye kiti chake. Mgombea wako ana milioni 70. Watu wa Maine wameshachoka kumwona. Unayemshauri ni wewe, na malipo yako yanapanda kila tangazo linapoongezeka. Utamwambia apunguze?

Ukitaka kujua zaidi, ripoti za tume zitakuonyesha kampuni iliyolipwa, na mara nyingi zitaishia hapo, kwani kampeni hailazimiki kueleza kampuni hiyo nayo ilimlipa nani. Katika uchaguzi wa 2020 kampeni ya Donald Trump ilipitisha mamia ya mamilioni ya dola kwenye kampuni moja, American Made Media Consultants, iliyoundwa na watu wa kampeni yenyewe. Ripoti ilionyesha pesa ikiingia mlangoni kwa kampuni. Kule ndani nani alipata nini, msomaji wa ripoti hakuambiwa.

Halafu kuna gharama ya kukupata wewe. Huu ndio mfereji ambao mchangiaji hauoni kabisa. Kampeni mpya haina majina, kwa hiyo inayakodi. Mgombea aliyeshindwa mwaka juzi ana orodha. Anaruhusiwa kuikodisha kwa bei halali ya soko, na malipo hayo hayahesabiwi kuwa mchango. Ndiyo maana mtu aliyemchangia mgombea mmoja wa Georgia hujikuta anapokea meseji za wagombea kumi wa majimbo ambayo hajawahi kuyakanyaga, wote wanamwita kwa jina lake la kwanza kama walisoma naye. Matangazo ya mitandaoni ya kutafuta wachangiaji yanalipiwa. Meseji zinalipiwa. Mwandishi wa meseji analipwa, na kampuni inayomwajiri mara nyingi hulipwa kwa asilimia ya kilichopatikana. Kwa kampeni iliyoendeshwa vizuri gharama hiyo ni ya kuvumilika. Kwa iliyoendeshwa vibaya, dola 25 zako zinatumika kumtafuta mtu mwingine wa kutoa dola 25, na zake zinatumika kumtafuta wa tatu.

Maneno ya meseji hizo hayaandikwi kwa kubahatisha. Kampeni ya Obama ya 2012 ilikuwa ikituma barua pepe moja kwa vikundi vidogo ikiwa na vichwa tofauti, ikaangalia kipi kinaleta pesa, kisha ikatuma hicho kwa mamilioni. Kimojawapo kilichoshinda kilisema, kwa tafsiri yangu, kwamba atazidiwa matumizi na mpinzani. Kilileta zaidi ya dola milioni 2.6; kwa makisio yao, kichwa kilichofanya vibaya kuliko vyote kingeleta kama laki nne. Barua ni ileile. Hofu ndiyo iliyotofautiana. Tangu hapo somo limenolewa mpaka limekuwa wembe: matumaini hulipa kidogo, kukata tamaa hulipa sana, na kukata tamaa kwenye saa ya kuhesabu dakika hulipa kuliko vyote.

Chukua ujumbe mmoja wa kawaida, ule unaoahidi kwamba mchango wako utaongezwa mara tano ukitoa kabla ya saa sita usiku. Uweke mezani uutazame. Mtu mmoja haruhusiwi kumpa mgombea wa shirikisho zaidi ya dola 3,500 kwa uchaguzi mmoja katika msimu huu wa 2025 na 2026. Kwa hiyo tajiri wa kuongezea michango ya maelfu ya watu mara tano hayupo kisheria. Angekwisha kabla ya mchangiaji wa arobaini. Ingebidi wapatikane matajiri wengi, wote hawajagusa kikomo chao, wote wamekubali kukaa macho usiku huo wakingoja wewe utoe ndipo nao watoe. Na kama wangekuwepo, wangeiacha kampeni ikose pesa zao kwa sababu wewe ulilala mapema? Hata hivyo ujumbe huo unatumwa kila siku, na watu wazima wenye akili zao wanauamini, kwa sababu unawafikia wakiwa wamechoka na wana hofu.

Kuna waliokwenda mbali zaidi ya maneno. Katika kampeni ya 2020, ukurasa wa michango wa Trump ulikuwa na kiboksi kilichokwishatiwa tiki tayari: mchango wako urudiwe, mwanzoni kila mwezi, baadaye kila wiki. Maelezo yalizungushiwa maneno mengi ya herufi nene yasiyohusiana na jambo lenyewe. Usipoondoa tiki, umekubali. Gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2021 kwamba kampeni hiyo, chama chake na akaunti zao za pamoja walirudisha kama dola milioni 122 kwa wachangiaji, asilimia 10 na ushei ya walichokusanya kwa njia ya mtandao, huku wa Biden wakirudisha kama milioni 21. Benki zilijaa malalamiko, mengi ya wazee. Angalia pia hesabu ya wakati: pesa zilichukuliwa wakati wa moto wa kampeni, zikafanya kazi, na nyingi zikarudishwa uchaguzi umeshapita, kwa kutumia michango mipya. Huo ni mkopo usio na riba ambao mkopeshaji hakujua ameutoa. Wademokrati nao wamewahi kutumia kiboksi hicho, kwa kiasi kidogo zaidi. Mei 2021 makamishna wote wa tume, wa pande zote mbili, walilipendekezea Bunge lipige marufuku mtindo huo. Makamishna hao kukubaliana kuhusu chochote ni habari yenyewe.

Sasa wezi, au wale wanaokaa mpakani. Mwaka 2013 Ken Cuccinelli aligombea ugavana wa Virginia kwa tiketi ya Republican. Kamati iitwayo Conservative StrikeForce ilituma barua kwa jina lake kuomba pesa za kumsaidia. Kamati hiyo ilikusanya dola milioni 2 na zaidi mwaka ule; Cuccinelli alipata 10,000. Alishindwa uchaguzi kwa tofauti ndogo, kisha akafanya jambo ambalo wagombea hawalifanyi: akaenda mahakamani. Mwaka 2015 wakamalizana kwa dola 85,000 pamoja na kukabidhiwa orodha ya waliochangia. Ona alichokidai pamoja na pesa.

Upande wa pili hauko msafi. Mwaka 2025 mwanazuoni wa siasa wa Chuo Kikuu cha Stanford, Adam Bonica, alichambua ripoti za kamati zilizotumia kampuni moja ya washauri wa Kidemokrati, Mothership Strategies. Kwa hesabu zake, tangu 2018 kamati hizo zilipokea kama dola milioni 678 kutoka kwa watu binafsi. Kampuni yenyewe ililipwa kama milioni 159. Zilizofika kwa wagombea na vyama zilikuwa kama milioni 11. Nyingine nyingi zilikwenda kwenye matangazo na meseji, yaani kwenye kutafuta wachangiaji wengine. Hakuna mahakama iliyosema hapo kuna kosa, na nadhani hilo ndilo linalopaswa kutukosesha usingizi. Kamati ya siasa ikitumia karibu kila dola kuchangisha dola nyingine, na ikaandika yote vizuri kwenye ripoti, imetimiza sheria.

Na baada ya Trump kushindwa uchaguzi wa Novemba 2020 ukaja ule mfuko wa “kutetea uchaguzi”. Kamati ya Bunge iliyochunguza uvamizi wa jengo la Bunge wa tarehe 6 Januari 2021 ilieleza mwaka 2022 kwamba wafuasi wa Trump walichangishwa kama dola milioni 250 kwa ajili hiyo, na kwamba mfuko wenye jina hilo haukuwahi kuwepo. Maandishi madogo chini ya ukurasa yalikuwa wazi kwa aliyekuwa na subira. Katika mgawanyo mmoja wa Novemba hiyo, asilimia 60 ilikwenda kwanza kwenye kamati mpya ya Trump iitwayo Save America mpaka ifikie kikomo cha dola 5,000, na asilimia 40 kwa chama. Piga hesabu: mpaka mtu atoe zaidi ya dola 8,000, hakuna hata senti yake iliyogusa akaunti ya kuhesabu kura upya. Mtu wa dola 25 alidhani anamlipa wakili wa uchaguzi. Mwaka 2023 Save America na kamati zinazohusiana nayo zililipa zaidi ya dola milioni 50 za gharama za kisheria, kwa hiyo mawakili walilipwa kweli, ila kwa kesi nyingine.

Wanasiasa nao wanajifunza kutoka kwenye mashine hii. Septemba 2009 Joe Wilson, mbunge wa South Carolina, alimkatiza Obama katikati ya hotuba bungeni kwa kumpigia kelele kwamba anadanganya. Kwa siku chache Wilson alipata zaidi ya dola milioni moja. Mpinzani wake Rob Miller naye akapata zaidi ya milioni moja. Sentensi moja, mifuko miwili ikajaa, na waliojaza wengi hawakuishi katika jimbo lile. Februari 2021 Baraza la Wawakilishi lilimwondoa Marjorie Taylor Greene, mbunge wa Republican, kwenye kamati zake kama adhabu. Robo mwaka hiyo alikusanya dola milioni 3.2. Adhabu ikageuka mtaji. Na mwaka uliofuata Marcus Flowers, aliyejitokeza kupambana naye katika jimbo la uchaguzi ambalo Mdemokrati hana njia ya kushinda, alichangiwa zaidi ya milioni 15 na akashindwa kwa pointi zaidi ya 30. Greene na Flowers walikuwa wanachangishana, ukitazama vizuri. Kila mmoja alikuwa tangazo la mwenzake. Mbunge anayekaa kimya akirekebisha sheria ya bandari au ya bima hana cha kutuma saa nne usiku.

Watetezi wa mfumo huu huniambia: ungependa turudi kwa matajiri? Ni swali la haki. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2010 katika kesi ya Citizens United, tajiri anaweza kumwaga kiasi chochote kwenye super PAC, na mbele ya mafuriko hayo dola 25 za watu wengi ndizo ukuta pekee uliopo. Nakubali. Wasiwasi wangu ni kwamba ukuta huo unajengwa kwa matofali ya watu wanaochoka. Kila meseji ya uongo inamtoa mtu mmoja kwenye orodha kwa hasira, na huyo harudi hata mgombea mzuri akija kubisha hodi. Orodha inachimbwa kama mgodi, na wanaochimba wanalipwa kwa kilo; kwa nini wajali mwaka kesho utabaki na nini?

Usitegemee tume iwazuie. Kisheria makamishna ni sita, si zaidi ya watatu wa chama kimoja, na uamuzi unahitaji kura nne. Mwaka 2025 ilipoteza hata akidi ya kufanya kikao.

New York City wamejaribu njia nyingine, na wameijaribu muda mrefu, tangu sheria yao ya 1988. Mchango mdogo wa mkazi wa jiji huongezwa na fedha za umma, siku hizi dola nane kwa kila moja, hadi dola 250 za kwanza kwa mgombea umeya. Anayekubali fedha hizo anakubali pia kikomo cha matumizi. Kikomo ndicho chenye maana kwangu. Machi 2025 Zohran Mamdani, mgombea umeya ambaye wakati huo wengi walikuwa hawajui kulitamka jina lake, alitoa video akiwaomba wafuasi waache kumtumia pesa. Alikuwa anakaribia dari ya kama dola milioni 8 kwa uteuzi wa chama. Aliwataka badala yake waje wagonge milango. Dhidi yake ilisimama kamati ya wafuasi wa mpinzani wake Andrew Cuomo iliyokusanya zaidi ya milioni 20. Mamdani akashinda Juni, akashinda tena Novemba. Ni nadra kuona kampeni ambayo, kwa miezi mitatu kabla ya kura, haikuwa na sababu ya kumtisha mfuasi wake ili imtoe dola 10.

Siku moja baada ya ushindi wa Novemba alirudi tena kwa watu walewale. Kamati ya mpito, inayomwandaa meya mteule kushika madaraka, inahitaji kuajiri na kulipia ofisi, na kikomo cha kampeni hakiihusu, kwa hiyo akawaambia kwamba lile ombi la kuacha kuchangia limekwisha: sasa wanaweza kuanza tena.